Kuishi kwa mafao ya ulemavu mwezi hadi mwezi: tuongee hesabu zenyewe

Gurudumu (mleta uzi):

Wakuu, salamu kwenu.

Humu kuna nyuzi nyingi za kubana matumizi, na karibu zote zimeandikwa kwa mtu ambaye mwili wake haumdai chochote. Tembea kwa miguu badala ya kupanda gari. Pika mwenyewe. Fua kwa mkono. Hamia mbali kidogo ambako kodi ni nafuu. Kwa mtu anayeishi kwa mafao ya ulemavu, ushauri huo mara nyingi haushikiki, na ukiulazimisha unaishia kutumia zaidi. Mimi natumia kiti mwendo na mafao ndiyo nguzo ya kipato changu, kwa hiyo nafungua uzi wa sisi kwa sisi. Walezi nao karibuni.

Naanza na mzizi wa jambo. Fedha ile ile hainunui maisha yale yale kwa watu wawili tofauti. Mwanauchumi Amartya Sen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, amelieleza hili kwa muda mrefu: mwenye ulemavu anabanwa mara mbili. Kwanza ni vigumu kwake kupata kipato. Pili, akishakipata, kukigeuza kuwa maisha ya kawaida kunamgharimu kuliko jirani yake. Ukiambiwa "mbona fulani anapata hicho hicho na anaishi vizuri tu", usianze kujilaumu. Fulani halipi mtu wa kumvusha ngazi.

Ndiyo maana bajeti yangu haianzi na kodi. Inaanza na fungu ninaloliita la mwili, yaani vile vitu ambavyo vikikosekana, hata kodi haitalipika baadaye. Dawa, vifaa vya haja, msaidizi wa asubuhi, usafiri wa kliniki, matengenezo ya kiti. Fungu hili natoa siku ile ile mafao yanapoingia, kabla sijamjibu mtu yeyote simu.

Chukueni mfano wa mto wa kiti, maana hapa ndipo wengi tunapobana pasipobanika. Mto uliochoka kwa macho unaonekana mzima. Weka kiganja chini yake, mtu akae, kisha usikie: kama mfupa wa kalio unakugusa vidole bila kitu katikati, mto huo umekwisha. Kinachofuata ni sehemu ya ngozi inayokuwa na joto au ngumu kuliko ngozi ya jirani yake, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa, kwa hiyo tumia mkono na usitegemee kioo pekee. Kidonda cha mgandamizo kikifunguka kinaweza kuchukua miezi kufunga. Miezi hiyo umelala, msaidizi anahitajika saa nyingi zaidi, bandeji zinanunuliwa, na kibarua kidogo ulichokuwa nacho kimepotea. Mto mpya ni ghali, sikatai. Lakini ukiuahirisha, deni lake linakuja kulipwa na mwili.

Jambo la pili ni daftari, tena si la matumizi yote, maana hilo wengi tunalianza na kuliacha. Naandika gharama moja tu ya aina yake: ile ambayo nisingeitoa kama nisingekuwa na ulemavu. Tofauti ya nauli kati ya gari la kawaida na gari linalobeba kiti. Chakula kilichokwisha kukatwa na kumenywa kwa sababu mikono ya siku hiyo haishiki kisu. Umeme wa kuchaji. Feni au kipasha joto, maana aliyeumia uti wa mgongo sehemu za juu, mwili wake haudhibiti joto vizuri, kwake hiyo si anasa. Nguo zinazochanika kwenye magurudumu. Naandika tarehe, kiasi na sababu kwa maneno machache, na risiti naipiga picha.

Daftari hili lina kazi mbili. Ya kwanza inajulikana: unaona fedha inakoenda. Ya pili ndiyo kubwa. Siku ya tathmini au uhakiki ikifika, afisa anakuuliza "unaweza kuvaa mwenyewe?" na wewe kwa aibu unajibu "naweza". Ukweli ni kwamba unaweza siku mbili katika wiki, kwa kutumia saa nzima, na baada ya hapo huna nguvu ya kitu kingine. Daftari linasema kile ambacho mdomo unaona haya kukisema. Na kwa maoni yangu hatari kubwa ya fedha kwetu ni malipo kukatika. Hakuna bajeti nzuri inayostahimili miezi ya kungoja rufaa.

Tatu, jueni mafao yenu ni ya aina gani, maana watu wanayachanganya na wanaumia. Kuna mafao yanayoziba pengo la kipato kwa sababu huwezi kufanya kazi au huwezi kufanya ya kutosha. Kuna mengine yanayofidia gharama za ziada za ulemavu, uwe na kazi au usiwe nayo. Kule Uingereza, kwa mfano, malipo yaitwayo PIP, yaliyoanza 2013, ni ya aina ya pili: hayaangalii akiba wala mshahara. Kule Marekani, SSI, yaani mafao ya wenye kipato na mali kidogo, ni kinyume chake: mtu mmoja haruhusiwi kuwa na mali ya kuhesabika inayozidi dola 2,000, na kiwango hicho hakijapanda tangu 1989. Aliye kwenye mfumo wa aina hii akisikia ushauri wa "weka akiba" bila kuuliza masharti, anaweza kupoteza mafao kwa sababu ya nidhamu yake mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kufungua akaunti ya akiba, kabla ya kuingia kwenye mchezo wa kuchangiana, uliza: mafao yangu yanaangalia akiba? Ukomo ni kiasi gani? Na kipi hakihesabiwi? Jibu lipate kwa maandishi.

Nimeongea mengi. Leteni ya kwenu.

Mama Tausi:

Asante kwa uzi huu, kaka. Mimi ni mlezi, mwanangu ana mtindio wa ubongo. Kwenye daftari lako naomba uongeze gharama ambayo haina risiti: kazi niliyoiacha. Mafao yanakuja kwa jina la mtoto na kila mtu anayaona. Mshahara ambao mama haupati tena hauonekani popote.

Kilichonisaidia mimi ni kuandika saa. Kulisha, kugeuza usiku, kunyoosha viungo, kubadilisha nguo. Nilipokwenda kwenye mapitio nilikuwa na karatasi ya wiki nzima, na ndipo nikaulizwa kama najua kuna posho ya mlezi. Hakuna aliyewahi kuniambia. Wazazi wenzangu, ulizeni kwa kutaja: posho ya mlezi, mapumziko ya mlezi, punguzo la nauli kwa anayemsindikiza mgonjwa. Ukiuliza kwa ujumla "kuna msaada gani mwingine" unajibiwa hakuna.

Fundi wa Viti:

Nakazia hapo kwenye matengenezo. Natengeneza viti vya umeme, na hasara nyingi ninazoletewa zingezuilika.

Kama betri zako ni za risasi na asidi, chaji kila usiku hata kama umetembea kidogo. Betri hizo haziumizwi na kuchajiwa mara kwa mara, zinaumizwa na kukaa zikiwa zimeisha. Kiti kikilazwa wiki kadhaa bila chaji, ndani yake kunajengeka chumvi inayoganda kwenye sahani na uwezo haurudi wote. Zikifa, badilisha zote mbili pamoja. Mtu anabadilisha moja ili aokoe, ile kuukuu inaivuta mpya chini na baada ya muda ananunua tena. Za lithiamu zina masharti yake, fuata kitabu cha kiti.

Kwa viti vya kusukuma, angalia upepo wa matairi. Tairi legevu linaongeza uzito wa kusukuma, na mzigo huo unaubeba wewe mabegani. Bega likiharibika kwa mtu anayeendesha kiti kwa mikono, amepoteza miguu yake kwa mara ya pili. Nywele na nyuzi zinazojifunga kwenye ekseli za magurudumu madogo ya mbele zitoe kwa kibano kila unapoosha kiti. Haigharimu chochote.

Mvumo:

Kwa sisi wa shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia: betri zile ndogo zinatumia hewa. Ukishabandua kile kikaratasi zinaanza kujitumia, na kukirudisha hakuzizuii. Usibandue ya akiba "iwe tayari". Ukibandua, iache dakika chache ivute hewa ndipo uiweke. Usiku fungua kimlango cha betri, unyevu utoke na betri isiendelee kufanya kazi.

Mkalimani wa lugha ya alama naye aingie kwenye fungu la mwili. Watu wanasaini mikataba ya mkopo kwa kuelewa nusu kwa sababu mkalimani alionekana gharama.

Kitambo:

Nina swali. Nilikataliwa mwanzoni, nikakata rufaa, sasa nimeambiwa nitalipwa na malimbikizo ya nyuma yote kwa mkupuo. Ndugu wameshajua. Kila mmoja ana shida yake na zote ni za kweli. Nifanyeje?

Gurudumu:

Hongera kwanza, rufaa inachosha na umevumilia.

Kabla ya yote, uliza malimbikizo yanahesabiwaje kwenye ukomo wa akiba, kama mafao yako yana ukomo. Mifumo mingine inatoa muda wa neema. Kwenye SSI ya Marekani, kwa mfano, malimbikizo hayahesabiwi kuwa mali kwa miezi 9, baada ya hapo kilichobaki kinahesabiwa. Nako tangu sheria ya 2014 kuna akaunti maalumu za watu wenye ulemavu ambazo akiba yake, hadi kiasi fulani, haigusi mafao. Uliza kama kwako kuna kitu cha namna hiyo.

Pili, malimbikizo si fedha mpya. Ni mafao ya miezi uliyoishi bila kitu. Katika miezi hiyo ulikopa, ulichelewesha kodi, kuna dawa uliruka, kuna kifaa kilichakaa. Andika hayo kwanza, kila moja na kiasi chake, ndipo utajua kilichobaki. Mara nyingi kinachobaki ni kidogo kuliko ndugu wanavyodhani, na ukiwaonyesha karatasi wanaelewa zaidi kuliko ukiwaambia "sina". Waliokubeba wakati wa njaa, walipe kwanza na uwashukuru. Wengine waambie ukweli kwa upole: fedha hii ilishakuliwa kabla haijafika.

Kama kuna kifaa kikubwa ulichokuwa unakiota, huu ndio wakati wake. Mafao ya mwezi hayatakupa nafasi hiyo tena.

Jembe:

Naomba niwe tofauti. Haya yote ni mazuri, lakini mafao ni madogo na yatabaki madogo. Bora mtu atafute hata kazi ndogo kuliko kukaa anahesabu shilingi za serikali. Kutegemea kunalemaza akili.

Gurudumu:

Mkuu, kazi naiunga mkono, na mimi nafanya kibarua cha kuandika nyaraka nikiwa na nguvu. Lakini neno "kutegemea" umelitupa vibaya. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1952, uliweka kiwango cha chini cha pensheni ya ulemavu kuwa asilimia 40 ya mshahara wa kulinganishia, kwa mfano wa mtu mwenye mwenzi na watoto 2. Ule namba 128 wa 1967 ukapandisha hadi asilimia 50. Yaani hata pale sheria ya kimataifa inapofuatwa, mtu anaweza kubaki na nusu ya mshahara huku gharama zake zimeongezeka. Kuhesabu kila senti katika hali hiyo ni kazi, tena ngumu. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa 2006, kwenye Ibara ya 28, unataja kiwango cha maisha cha kuridhisha na hifadhi ya jamii kuwa ni haki. Hatuombi.

Kuhusu kazi ndogo, hatari yake ni kuingia bila kusoma masharti. Kuna mifumo inayokata mafao kidogo kidogo kadiri unavyopata, na kuna inayokata yote ukivuka mstari kwa kiasi kidogo tu. Mingine inakupa muda wa majaribio: bima ya ulemavu ya Marekani inaruhusu miezi 9 ya kujaribu kazi ndani ya kipindi cha miezi 60, na mafao yanaendelea kulipwa. Uliza mambo haya: nikianza, mafao yanapungua vipi? Nikishindwa baada ya muda, narudi moja kwa moja au naanza maombi upya? Na bima ya matibabu inabaki? Hili la matibabu linaweza kuwa na thamani kuliko mshahara wenyewe.

Mabadiliko yoyote ya kipato, anayeishi nawe, au anwani, yatoe taarifa kwa maandishi na ubaki na nakala yenye tarehe. Ofisi ikikulipa zaidi kwa kosa lake, mara nyingi bado inakuja kudai. Nakala ndiyo kinga yako.

Jembe:

Nimekuelewa. Hilo la kurudi ukishindwa sikulijua.

Subira_N:

Mimi tatizo langu ni mikopo ya simu. Mafao yakiingia yanakatwa yote, nakopa tena wiki hiyo hiyo. Nina kifafa, dawa siwezi kuziruka.

Gurudumu:

Pole sana dada. Tuanze na dawa: umesema vizuri, haziguswi. Kuacha dawa za kifafa ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo lisilokoma, na hilo linaua. Kwa hiyo dawa zinunuliwe kabla mkopeshaji hajafika. Kama anakata moja kwa moja kwenye akaunti au namba inayopokea mafao, uliza ofisi yako utaratibu wa kubadilisha njia ya kupokea malipo. Mikataba na sheria hazifanani, lakini mafao kuingia kwenye akaunti nyingine ni ombi la kawaida kabisa.

Kisha panga madeni kwa kuangalia kila moja litakufanya nini, maana anayepiga simu kwa kelele zaidi si lazima awe wa kwanza. Deni linaloweza kukutoa kwenye nyumba au kukukatia umeme liko juu. Mkopo wa simu usio na dhamana una usumbufu mkubwa na riba kali, lakini haukufungii mlango leo. Waandikie, pendekeza kiasi kidogo unachokimudu kwa uhakika, usiahidi kikubwa ili simu zikome. Na mwenye nyumba mwombe siku ya kodi isogezwe iwe baada ya mafao kuingia. Wengi wanakubali, kwa sababu nao wanataka walipwe bila kukimbizana. Mara nyingi mkopo unaanzia kwenye hizo siku chache kati ya tarehe ya kodi na tarehe ya mafao.

Subira_N:

Kweli kabisa, kodi yangu ni tarehe moja na mafao yanaingia katikati ya mwezi. Nitaongea naye kesho.

Msomaji Kimya:

Nimesoma tangu juu. Langu ni gumu kulisema. Mafao yangu anapokea kaka yangu kwa niaba yangu tangu nilipougua akili. Sasa nina nafuu ya muda mrefu, lakini bado nikitaka hata vocha lazima nimweleze ni ya nini. Si mtu mbaya. Ila sijui hata kiasi kinachoingia.

Mama Tausi:

Mwanangu, umefanya vizuri kulisema. Mimi pia napokea kwa niaba ya mwanangu, na nakwambia kama mzazi: ulichoomba kujua ni haki yako. Mimi namwonyesha wangu kila mwezi, ingawa hazungumzi. Anatabasamu akiona picha ya kitu alichokichagua.

Gurudumu:

Ndugu, mkataba ule ule wa Umoja wa Mataifa niliotaja, Ibara ya 12, unasema watu wenye ulemavu wana haki sawa ya kusimamia mambo yao ya fedha, na ulemavu wa akili umo. Anayepokea kwa niaba yako ni msimamizi, fedha ni zako.

Nenda kwa hatua. Kwanza mwombe kaka yako mkae mara moja kwa mwezi akuonyeshe kilichoingia na kilichotoka. Kama si mtu mbaya, na nakuamini, hili halitamuudhi, huenda hata likamtua mzigo. Kisha ombeni fungu moja liwe mikononi mwako bila maelezo, vocha na usafiri kwa mfano, na uliandikie daftari. Ukishalisimamia kwa muda, mwombe daktari wako barua kuhusu hali yako ya sasa, uende nayo ofisi ya mafao kuomba malipo yaje kwa jina lako. Usisubiri uhakiki ujao, ombi la kubadilisha msimamizi linaweza kupelekwa wakati wowote. Na kama unaogopa siku ya kuugua tena, andika sasa, ukiwa na nafuu, nani ashike fedha wakati huo, kwa muda gani, na alipe nini kwanza. Kaka yako anaweza kuwa ndiye huyo huyo, safari hii kwa masharti uliyoyaweka wewe.

Msomaji Kimya:

Nitaanza na la kikao cha mwezi. Nitarudi kueleza ilivyokwenda.